Mayai Kumi na Matatu ya Tiruwork

Yekatit 25, Jumatatu

Mfungo umeanza leo na Tiruwork ameondoka leo, kwa basi la saa kumi na mbili asubuhi. Mpaka anapanda ngazi alikuwa bado anazungumzia kuku.

"Yule mwekundu usimsumbue. Maji karibu, punje za teff kiganja kimoja, basi. Na mkono wako usiingie chini yake kila saa, Ayalneh. Nakujua."

"Na wewe je?"

"Mimi nina nini? Nakwenda Adis kukatwa rovu la shingo, sio kukatwa kichwa."

Jana alimwekea mayai kumi na matatu kwenye kapu bovu lenye majani makavu, pembeni ya jiko. Mwaka mzima tunagombania mayai humu ndani. Mfungo ukiingia hakuna wa kuyala kwa siku hamsini na tano, kwa hiyo huu ndio wakati wake wa kutotoa. Katika lugha yetu kuku hasemwi kuatamia. Anakumbatia, neno lilelile la mtu na mkewe. Basi mwekundu amekumbatia, na mimi nimebaki na mto.

Dirishani aliniambia, "Siku ishirini na moja. Wakitoka, nipo." Nilitaka kumjibu neno, basi likaondoka.

Naogopa. Naandika hapa kwa sababu nikimwambia mtu ataniambia nisali, na kusali nasali tayari.

Yekatit 27

Mwekundu alitoka kunywa maji akazurura uani. Nilihesabu mpaka mia saba ndipo akarudi kukaa.

Megabit 1, Jumapili

Nimeyamulika mayai kwa tochi ya simu. Kumi na moja yana mishipa, mawili ni maji matupu. Hayo mawili nimeyafukia nyuma ya choo.

Nikampigia. "Kumi na moja!" akasema. "Kwa hiyo mkono umeingia."

"Umeingia."

"Nilijua tu. Na amekudonoa?"

"Amenidonoa."

Alicheka mpaka akakohoa. Atapasuliwa Jumatano.

Megabit 4, Jumatano

Nilipiga saa nane, hakuna jibu. Saa tisa, hakuna. Saa kumi na moja Mulunesh, dada yake, alipokea.

"Imekwenda vizuri, shemeji. Amelala."

Nimekaa na neno hilo tangu hapo. Chakula cha mfungo kimepoa mbele yangu na sijakigusa.

Miaka thelathini na moja nilikuwa karani wa posta hapa Bichena. Telegramu za vifo nilizozipokea hazikuwa na neno kifo hata moja. Ziliandikwa: mama anaumwa, njoo. Na tangu nistaafu mimi ni katibu wa chama chetu cha kuzikana. Kwetu kifo hakisemwi kwa simu. Mfiwa anadanganywa kwanza, mpaka watu wakusanyike. Kisha alfajiri, kabla hajanawa uso, wanajaa mlangoni mwake na mkubwa wao ndiye anayetamka. Nimesimama kwenye milango mingi namna hiyo. Na kabla ya siku hiyo, mpigaji simu ni mimi. Ninayo maneno yangu. Amelala. Simu yake imeisha chaji. Daktari yuko naye sasa hivi. Nasifiwa kwamba sauti yangu haitetemeki.

Sauti ya Mulunesh haikutetemeka.

Megabit 5

Amelala.

Megabit 6

Amelala. Koo linamuuma.

Megabit 8

Simu yake imeisha chaji.

Megabit 9, Jumatatu

Zenebech, jirani wa ukuta wa magharibi, ameniletea mkate wa injera na mchuzi wa shiro. Huyu ni mwanamke ambaye hatujaelewana tangu mbwa wake aanze kulala kwenye tuta la kitunguu changu. Miaka sita ananisalimia kwa kidevu. Leo kaingia na sahani iliyofunikwa kitambaa safi.

"Kula, kaka Ayalneh. Mwanamume peke yake hafungi, anashinda njaa tu."

"Nani amekutuma?"

"Tumbo lako. Nalisikia kutoka kwangu."

Alicheka, mimi sikucheka. Nilimtazama macho kama yamevimba. Yalikuwa mekundu kidogo, lakini anapika kwa kuni.

Alipokuwa anaondoka ngurumo zikapiga, mvua ndogo imeanza. Akarudi mbio, akachomoa msumari kwenye nguzo ya ua wangu, akauchomeka kwenye kapu chini ya kuku. Alisema radi huua vifaranga ndani ya yai kusipokuwa na chuma. Mwekundu alimwacha afanye bila kumdonoa. Mimi ndiye wa kudonolewa.

Kwa nini mtu asiyekupenda akuletee chakula? Najua kwa nini. Nimewahi kuwaambia majirani wa watu: mpelekeeni chakula, asije akasikia habari tumbo likiwa tupu.

Megabit 11

Aba Melaku, padri wetu, kaniuliza hali ya nyumbani na kunishika bega. Hajawahi kunishika bega.

Megabit 12

Shibabaw, mwenyekiti wa chama, amesema nipumzike na daftari la chama, yeye atalishika mpaka Pasaka. "Una mengi," kasema. Nilimpa daftari. Habari yoyote ya msiba huandikwa kwanza kwenye daftari lile.

Megabit 15, Jumapili

Wametoka. Tisa. Yai moja kifaranga alikufa akiwa amelitoboa, lingine halikufunguka kabisa. Tangu asubuhi nilipiga magoti mbele ya kapu nikasikia wakilia ndani ya maganda, na nikawa namwambia mwekundu, "Haya mama, haya," kama mkunga. Wanne wa njano, watatu wa kahawia, wawili weusi wenye doa kichwani.

Nilikuwa nimefagia nyumba. Nilikuwa nimeweka buni tayari kwa ajili ya kahawa yake. Kila basi lililopita barabara ya juu nilitoka nje.

Jioni nikapiga. "Mwambie wametoka tisa," nikasema.

Mulunesh: "Nitamwambia akiamka."

"Ataamka lini?"

"Shemeji, usiwe hivyo."

Megabit 18

Kipanga amezunguka juu ya ua mara tatu. Nimekaa nje na ufagio kutwa. Mwekundu anawafunika kwa mbawa, anatazama juu kwa jicho moja.

Megabit 22, Jumapili

Nilikwenda kanisani. Mlango wa ua niliufunga kwa kamba, naapa niliufunga.

Niliporudi nikakuta manyoya mekundu kutoka jikoni mpaka mlangoni. Mbwa wa Zenebech alikuwa amelala katikati ya kitunguu changu, mdomo umejaa damu, ananitazama kama mtu aliyeshiba. Vifaranga wote tisa walikuwa wamejibanza nyuma ya mtungi. Mwekundu alikuwa amesimama mbele yao mpaka mwisho. Niliona alama za kucha kwenye udongo.

Nilipiga kelele mpaka Zenebech akatoka na mikono ina unga. Nilimwambia maneno ambayo mtu mwenye mfungo hasemi. Nilimwambia yeye na mbwa wake ni wa baba mmoja na mama mmoja.

"Kaka Ayalneh, kamba yako imeoza, itazame..."

"Toka! Usinisalimie! Sahani yako hii hapa, ichukue! Mlikuwa mnaninenepesha mnichinje?"

"Nani akuchinje? Unasema nini wewe?"

Watu walikuwa wanatoka kanisani, wakasikia wote. Niliapa mbele yao kwamba sitampa mkono, sikukuu ije isije.

Vifaranga nimewaingiza ndani. Nimewaweka kwenye mesobu ya Tiruwork, ile meza ya ukindu ya kuwekea injera, ya harusi yetu. Akijua ataniua, na laiti angekuja aniue. Chini nimeweka dumu la maji moto nimelifunga kwa shuka yake. Wamelisogelea wakanyamaza.

Mtu akipoteza mwekundu katika wiki kama hii anafikiri mambo. Nimejikataza kuyafikiri, na nimeyafikiri yote.

Megabit 24

Maji moto mara nne kwa siku. Teff wanaila vizuri, ni ndogo kama midomo yao.

Megabit 28, Jumamosi

Nimefanya upumbavu. Nyumba inanuka, na nilidhani wiki mbili zinatosha. Niliwatoa uani wakutane na wenzao, maana ni kuku wa bibi mmoja. Wako matetea watano na jogoo.

Kwanza walitazamana tu. Kisha yule tetea mweusi, mkubwa wao, akaja taratibu, akainamisha kichwa kana kwamba anataka kusikia jambo, akamdonoa wa njano utosini. Mara moja. Wengine wakaona kwamba inaruhusiwa, wakaja wote. Niliwakimbiza kwa kofia yangu. Nimeokoa wanane.

Yule mmoja nilimshika kiganjani mpaka akapoa. Nililia, na ninaandika kwamba nililia. Mimi nilimtoa kwenye joto, mimi nilimpeleka.

Mulunesh: "Daktari yuko naye sasa hivi."

Maneno yamekwisha. Mimi mwenyewe sina zaidi ya hayo matatu.

Miazia 1

Silali vizuri. Kila alfajiri nasikiliza njiani kama kuna miguu.

Miazia 4

Miguu ilikuwa ya punda wa muuza kuni.

Miazia 6, Jumapili

Leo wamekuja.

Kulikuwa hakujapambazuka sawasawa. Nilikuwa nabadilisha maji ya dumu nikasikia watu wengi wanatembea kwa pamoja, polepole, bila kuongea. Miguu ya namna hiyo naijua, nimetembea hivyo mimi. Ikasimama mlangoni kwangu. Mtu akakohoa. Kikohozi cha Shibabaw, anachokohoa kabla ya kutamka.

Nikafungua. Aba Melaku mbele na msalaba wake. Shibabaw. Wazee wengine wanne wa chama, mashuka meupe yamefunika mabega. Nyuma yao Zenebech, ameinama kabisa, uso hauonekani. Hakuna aliyenisalimia. Kwetu mtu haanzi kwa salamu siku hiyo.

"Ayalneh," akasema Aba Melaku. "Jikaze. Tumekuja kwako kwa jambo zito."

Sikumngoja amalize. Nilianguka. Nilijipiga kifua, nikararua shati, nikaita jina lake: "Tiruworkee! Tiruworkee! Kuku wako wamebaki na nani!" Sauti iliyonitoka sikujua kama ninayo.

Basi wale wazee, wakisikia nalia hivyo, wafanye nini? Wakalia. Shibabaw akaja juu yangu akilia, "Dada yetu! Dada yetu!" Mke wa muuza kuni akatoka kwake anapiga yowe bila kujua ni nani, akaitikiwa na nyumba ya pili, ya tatu. Uani kukajaa. Wanawake wakaanza kuruka na kujipiga. Mtu akamwita mtu mwingine akachukue nguzo za hema la chama, na hakika nguzo mbili zilikuwa zimeshafika ukutani. Vifaranga walikuwa wanalia ndani ya mesobu.

Aliyeharibu msiba ni Zenebech. Alipiga kelele kuliko wote: "Lakini tumeambiwa na nani? Jamani! Nani amepiga simu?"

Shibabaw akafuta pua. "Si Ayalneh anasema..."

"Mimi nasema nini?" nikauliza kutoka chini. "Si nyinyi ndio mmekuja kuniambia?"

"Kukuambia nini?"

"Kwamba amekufa!"

Aba Melaku akanitazama, akaitazama nguzo ya hema, akaniangalia tena. "Mwanangu, tumekuja kwa habari ya kuku."

Ndipo nikaona. Zenebech hakuwa ameinama kwa huzuni. Chini ya shuka alikuwa amebeba jiwe shingoni, jiwe la kuombea msamaha, kubwa kiasi cha kichwa. Amewaomba wazee waje kunisihi tupatane kabla ya Pasaka, na wazee wa upatanisho nao huja alfajiri. Miaka yote hii sikuwahi kuwaza kwamba milango miwili hiyo inafanana.

Nilimtua jiwe kwa mikono yangu. "Dada, nisamehe, nisamehe," nikawa nasema, na yeye anasema, "Mbwa ni wangu, kaka, nisamehe wewe." Watu wakaanza kucheka, kwanza kwa aibu, kisha kwa nguvu. Wenye nguzo wakaondoka nazo wakinung'unika.

Mimi sikucheka. Nilimshika Shibabaw shuka. "Apa kwamba yu hai."

Alinitazama muda mrefu kupita kiasi. "Sijui, Ayalneh. Sijasikia baya. Naapa kwa hilo, kwamba sijasikia."

"Na daftari ulilichukua kwa nini?"

"Kwa sababu mwezi uliopita uliandika michango ya watu watatu kwenye jina la marehemu mmoja!"

Miazia 7, Jumatatu

Nilimpigia Mulunesh, nikamfokea kama sijawahi. "Mpe simu sasa hivi. Kama yu hai mpe simu!"

Nikasikia minong'ono. Kisha pumzi. Pumzi tu, inaingia, inatoka.

Mulunesh akarudi analia. "Sauti imekwenda, shemeji. Tangu siku ile. Daktari anasema huenda ikarudi, huenda isirudi. Alinikataza kwa ishara za mikono nisikuambie. Anaona aibu. Anaogopa utakuja umkute bubu."

Nikasema asante, nikakata simu.

Siamini. Ni uongo mzuri sana. Ningeutunga mimi, ningesifiwa. Pumzi ni ya mtu yeyote. Tiruwork hajui kuandika, barua zake zote ziliandikwa kwa mkono wangu, kwa hiyo ujumbe hauwezi kunithibitishia. Picha hazipiti kwenye simu yangu ya vibonye.

Miazia 8

Zenebech amekuja na fito na mundu. Amegawa ua kwa uzio mdogo, vifaranga huku, wakubwa kule. "Waonane wasifikiane," amesema. "Wiki mbili. Wakichoka kushangaana watazoeana. Wewe ulitaka kuwaozesha siku ya kwanza." Mbwa amefungwa kwake kwa mnyororo. Namwona huyu mama sasa, na sijui miaka sita nilikuwa naangalia nini.

Miazia 10, Alhamisi

Nilikwenda kwenye kituo cha basi la Adis. Nilipata kiti, nikaweka mfuko juu. Injini ilipowashwa nikashuka.

Nitaandika ukweli. Sikushuka kwa sababu ya vifaranga, Zenebech angewatazama. Nilishuka kwa sababu huku Bichena bado amelala, na huko Adis ningekuta hema la msiba.

Miazia 13, Hosana, Jumapili ya Matawi

Watu wamevaa pete za makuti. Nimemvisha na Tiruwork yake, nimeitundika kwenye msumari wa nguo zake.

Miazia 15

Tetea mweusi amelala ubavu kwenye uzio. Upande wa pili wa fito, wawili wa kahawia wamelala pia. Sijui kama ni amani au ni jua.

Miazia 18, Ijumaa Kuu

Nimerudi kutoka kanisani magoti yanauma kwa kusujudu. Simu ikaita saa kumi. Mulunesh.

"Shemeji, uko wapi?"

"Ndani."

"Anataka utoke uani. Kwa kuku. Uweke simu kwa sauti kubwa."

"Nani anataka?"

"Usinichoshe, Ayalneh! Anasukuma mkono wangu hapa, toka nje!"

Nilitoka. Nilimwambia Mungu, kama ni mchezo mwingine, huu uwe wa mwisho, sina tena nguvu za kuchezewa. Nikabonyeza kitufe, nikanyoosha mkono.

Kwanza pumzi. Kisha ulimi. Ko-ko-ko, ko, ko-ko-ko, ulimi ukigonga kaakaa, kavu, haraka, bila sauti ya kooni hata kidogo. Hivyo ndivyo anavyoita kuku wake tangu nimwoe. Wanawake wengine wa mtaa huu huita kwa mdomo wazi. Nimeujaribu mwito huo asubuhi zote hizi na hakuna hata kuku mmoja aliyeinua kichwa, Zenebech kajaribu pia, hakuna.

Jogoo aliinua kichwa. Tetea mweusi akaacha kuchakura, akasimama na mguu mmoja juu. Ko-ko-ko, ikasema simu. Wakaja. Sita wote, mbawa wazi, wakikanyagana, wakaupita uzio wa Zenebech kana kwamba haupo, wakaangusha fito mbili. Mweusi aliruka mpaka kwenye kiwiko changu akaanza kutafuta ndani ya simu. Na vifaranga, wakiona wakubwa wanakimbia, wakakimbia nao, wanane wote, katikati ya miguu yao, chini ya matumbo yao. Hakuna aliyewadonoa. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuwakumbuka.

Mimi nimedanganya watu wa mji huu miaka mingi. Kuku sijawahi kumdanganya, na simjui anayeweza.

Nilikaa chini palepale, kwenye mavi yao. Nilisema, "Tiru." Ulimi ukagonga mara moja. Nikasema, "Tiru, ni wewe."

"Haloo?" akasema Mulunesh. "Kelele gani hizo? Shemeji? Kuna nini huko?"

"Ni kuku wake," nikamwambia. "Wanauliza anarudi lini."